Leo Iko Wapi?

Saa sita ya muchana, kama kuna redio inalia karibu, mimi naondoka. Majirani wanasema niko na kiburi, eti sitaki kusikia habari za inchi. Waseme, mudomo ni wao. Mimi najua kile nilichoifanyisha redio, na kama muko na haraka muende zenu, maana hadithi hii sitaikata katikati.

Jina langu ni Adélaïde. Kwenye karatasi za serikali nilikuwa na jina lingine, sababu miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini nyumbani kwetu Cimpunda, mutaa wa Bukavu, hakuna aliyejali. Nilikuwa daktilo, napiga mashini mu biro moja ya serikali kutoka asubuhi mpaka vidole vinawaka moto. Niliishi na mudogo wangu, Clémence. Karatasi zake zilimuita Nsimire M'Cirhuza, mutoto wa marehemu papa Cirhuza. Alikuwa na miaka makumi mbili na ine.

Clémence alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule wanganga wa hopitali wanaita SS. Hauambukizi, na hauishi. Unanyamaza wiki mbili, mwezi mmoja, unasahau kama uko, kisha siku moja unamuingia mu mifupa na kumuponda kutoka ndani. Anapiga kelele siku tatu, siku ine. Kisha anaamuka, anafunga kitambaa ku kichwa, anauliza kama tuko na chumvi.

Watu hawakujua waseme nini naye, basi walisema na mimi. Mugeni anaingia, anamupita Clémence kwenye kiti chake, anakuja moja kwa moja kwangu: "Amekula? Amelala? Dawa anakunywa?" Na mwenyewe amekaa pale, macho mawili wazi. Wengine walimudanganya mbele ya uso: "Eh, umenona siku hizi!" Na mikono yake ilikuwa miti mikavu. Maman Emérence, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyezidi. Alikuwa anakuja na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na kuniuliza kwa sauti ya chini kama usiku mutoto alilia. Siku moja Clémence akamujibu: "Maman Emérence, niko hapa. Masikio ndiyo haiumwake."

Nilimukemea. Nilimwambia asante ya sombe haitolewi hivyo, watu wanahurumia, na tena mugonjwa haulizwi uji.

"Ndiyo shida yenu," akasema. "Mimi muniulize, Adé. Muniulize ata uji."

Nilicheka, nikaenda kazini. Sikumuuliza.

Mama yetu, maman Godelive, hakuwa Bukavu. Papa alipokufa alirudi kwa kaka yake, tonton Ignace, kule Bunyakiri, akalime. Telefone hakuna, barua ilitembea wiki mbili kama haikupotea. Kitu kilichofika ni komunike ya redio. Kila siku saa sita walisoma: fulani amezaa, fulani afike mbio, fulani amefariki. Kwa vijiji kule, saa ile muchi unasimama mu kinu na watu wanategea sikio majina ya kwao.

Mimi nilikuwa nimepeleka komunike mara tatu kwa miaka miwili: Clémence ni mugonjwa mahututi, kujeni upesi. Mara tatu mama na tonton Ignace walipanda camion, lori ya ndizi, wakavuka mulima Kahuzi mu matope, siku mbili mugongo wote unauma, na kufika wanamukuta Clémence anaosha sahani. Mara ya tatu tonton alikataa ata kukaa.

"Sikia Adélaïde," akaniambia. "Watu wanakujaka juu ya kifo. Juu ya ugonjwa, hapana tena. Huyu atatumaliza sisi mbele ajimalize yeye."

Clémence alikuwa nyuma yake na sabuni mu mikono. Alisuuza sahani moja mara tano.

Halafu ikafika mwezi wa ine wa mwaka makumi saba na tisa. Safari hii ugonjwa haukumushika magoti wala kiuno, ulimuingia mu kifua. Hakuweza ata kulia, maana kulia kunataka pumzi. Tulimubeba mpaka hopitali, nikawa gardemalade wake, mulinzi wa mugonjwa, nalala chini ya kitanda juu ya pagne, kitenge changu. Siku ya pili pale hopitali docteur aliniita pembeni, mimi, si yeye, akasema: "Siku ya Yenga hatafika." Ilikuwa siku ya ine ya juma; mpaka Yenga, siku yetu ya misa, zilibaki siku tatu.

Nikahesabu. Camion siku mbili. Nikiandika "mugonjwa", tonton atasonya na kugeuka upande mwingine. Mudogo wangu atazikwa bila mama yake kumuosha, bila mama yake kumuona. Nikashuka mpaka ku biro, nikaingiza karatasi mu mashini, nikaandika: amefariki dunia. Nilijiambia wakifika itakuwa ni kweli. Nilijiambia namuazima Mungu siku tatu tu.

Na nikisema kweli yote, maana nimeapa kusema yote: nilipopiga herufi ya mwisho, nilisikia mabega yangu yameshuka. Nikapumua. Pumzi ndefu, ya mutu aliyetua muzigo. Pumzi ile ndiyo inanifuata mpaka leo, si ile karatasi.

Kesho yake, saa sita, nilikuwa karibu na kitanda chake. Kitanda cha jirani kilikuwa cha maman Delphine, muzee wa ugonjwa wa sukari, ambaye transistor yake, redio ndogo, haikutoka ku muto. Clémence alikuwa na siku mbili hajafungua macho. Sauti ikasema: "Maman Godelive na muzee Ignace, wako Bunyakiri, wanajulishwa kifo cha citoyenne Nsimire M'Cirhuza, kilichotokea hapa Bukavu. Wafike kwa mazishi."

Clémence akafungua macho.

"Adé. Wamesema nani?"

"Mwingine. Majina inafananaka."

"Na Cirhuza pia mwingine? Na Bunyakiri?"

Niliinama, nikajifanya natafuta kiatu. Maman Delphine alizima transistor, akanigeuzia mugongo na ule muguu wake wa bandeji. Muchana ule ule joto la Clémence lilianza kushuka. Siku ya Yenga alikunywa supu. Kesho yake munganga wa hopitali, Philémon, kijana mwenye maneno machache, alimuangalia ulimi, akamwambia yeye mwenyewe, si mimi: "Unaweza kurudi kwako." Wallahi, kama ningekuwa mutu muzuri ningefurahi tu. Nilifurahi, na nilihesabu camion imefika wapi.

Wanakilio hawakuenda hopitali, maana mufu analiliwa kwake. Camion ililala siku nzima mu matope, basi waliingia Cimpunda muchana ule ule tuliorudi sisi. Clémence alikuwa kwenye kiti inje, anachambua maharagi mu lungo. Kilio kilipanda mulima mbele ya watu wenyewe. Akainua kichwa.

"Hao wanalia nani?"

Alijua. Aliuliza tu ili mimi niseme. Mimi nikaokota maharagi yaliyoanguka.

Mama alitokea wa kwanza ku kona. Alikuwa amenyoa kichwa chote, amejifunga pagne ya kilio ku kiuno, sauti imemukauka. Nyuma yake tonton Ignace na mukungu wa ndizi ku bega, na wanawake saba wa Bunyakiri. Mama akaona kiti. Akaona lungo. Nilingoja akimbie amukumbatie, kila mama angefanya vile, sivyo? Mama alifunika uso kwa pagne.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Huyu nimeisha mulia."

Wanawake walitawanyika, mumoja aliacha kandambili yake mu mufereji na hakurudi kuichukua. Ndizi za tonton zilianguka chini. Clémence alisimama polepole, akaweka lungo pembeni, akasema kwa adabu zote: "Karibu mama. Mutakuwa na njala."

Mama akanigeukia mimi. "Mwambie asinikaribie."

Alikaa kwetu siku tatu. Siku tatu hakumuita jina. Alikula inje, akalala kwa maman Emérence. Aliniuliza mimi: "Anakula kweli chakula? Inashuka?" Nilimwambia redio ilikosea. Niliwaambia wote redio ilikosea, nikaitukana redio hadharani, nikaitukana vizuri mpaka karibu nijiamini. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa chake kile chenye upara. Alisema mutoto wake amemulia njia nzima, amemulia mpaka machozi yameisha, na aliyekaa pale kwenye kiti hamujui. Siku ya ine alipanda camion. Hakuaga kiti kile.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitembea miezi saba.

Miezi saba Clémence aliishi mu Cimpunda kama mufu. Wamama waliwavuta watoto akipita. Kwa robinet, bomba la maji, walimuachia nafasi ya mbele, si kwa huruma, kwa woga. Maman Emérence aliacha kuleta sombe. Clémence mwenyewe alifanya muchezo nayo: "Zamani walinipita ju niko mugonjwa. Leo wananipita ju niko mufu. Angalau kwa robinet sipangi mustari." Kisha anacheka, na kicheko kinakatika mu kikohozi, na mimi naondoka kwenda kuangalia sufuria isiyo na kitu.

Mubaya kuliko wote nilikuwa mimi. Muchana kweupe nilimuangalia akianika nguo ku kamba na moyo wangu unasema: huyu ulimuzika. Akinigusa mukono, ngozi inanisisimuka. Nilianza kusema naye kwa sauti ya juu na ya upole, ile sauti ya hopitali: tumekula? tumelala vizuri? Nilimuogopa mudogo wangu, jamani. Mimi niliyemufanya mufu nilikuwa wa kwanza kumuogopa.

Mwezi wa kumi na moja kifua kikarudi. Alikataa hopitali. Philémon alikuja nyumbani, akamusikiliza mugongo, akakaa ku kitanda, akamuuliza yeye: "Unataka nikuambie?" Akasema ndiyo. Akamuambia, taratibu, mimi nikiwa mulangoni: mapafu imechoka, siku si nyingi, atamuletea dawa ya maumivu kila asubuhi. Clémence akamushukuru. Nilishangaa mutu anaweza kusema maneno kama yale na nyumba isianguke.

Alipotoka, Clémence akaniita. "Adé, kaa. Leta karatasi."

Nilileta. Nilidhani anataka kuandikia mapadri.

"Ile ya mwezi wa ine," akasema, "karatasi haitembeake yenyewe."

Nililia. Nililia vibaya, na kamasi, kama mutoto aliyepigwa. Nikamuambia yote: tonton, camion, docteur, mashini. Nikamuambia na ile pumzi, na mabega. Nilitaka anitemee mate. Alivuta hewa kidogo kidogo.

"Ulichoka?"

"Nilichoka."

"Mimi pia nilichoka, Adé. Juu ya nini hukuniambia? Tungechoka pamoja."

Nilipangusa kamasi, nikashika kalamu.

"Bon," akasema. "Ulipeleka ya kwanza, utapeleka na ya pili. Namutaka mama. Si kwa kilio. Namutaka akuje aseme na mimi nikiwa nasikia. Andika: Mama, leo iko ku kifua."

"Nini iko ku kifua?"

Ndipo akanieleza kitu ambacho sikukijua, maana utoto wake wote mimi nilikuwa nasoma kwa masista, nalala kule. Kila asubuhi mama alisukuma mulango, na mbele ya kusalimia alimuuliza: leo iko wapi? Hakusema ugonjwa, hakusema pole. Aliuliza kama mutu anayeuliza habari ya mugeni aliyelala mu nyumba. Clémence anaonyesha goti, ao kiwiko, ao hakuna. Mama anatia kitambaa mu maji ya moto, anakikamua, anakiweka pale, na siku inaanza. Kisha papa akafa. Mama akachoka, akaacha kuuliza, akaanza kusema "vumilia" kama watu wote.

"Mama anaamini niko mufu," Clémence akasema. "Sasa, mufu haiumwake. Mama anajua ile. Umuambie tu fasi inauma, pahali gani, atajua niko muzima."

Kesho yake nilipanga mustari ku dirisha la komunike. Mupokeaji aliitwa Marcellin, mutu wa miwani na kalamu tatu mu mufuko. Alisoma karatasi yangu, akaisoma tena, akaigeuza nyuma.

"Leo iko ku kifua. Nini hii? Hii iko code? Maman, unajua watu wamefungwa juu ya maneno madogo kuliko haya?"

"Si code. Ni mutoto anamuita mama yake."

"Nsimire M'Cirhuza." Akavua miwani. "Huyu si alikufa mwezi wa ine? Komunike yake niliipokea mimi, kwa mukono huu!"

Mustari wote ukasogea karibu. Ningeweza kusema majina yanafanana. Ulimi wangu unajulikana, haujawahi kulala njaa. Siku ile ulikuwa muzito kama jiwe la kusagia.

"Mulipokea uongo," nikasema. "Redio haikukosea. Mimi niliandika amekufa, na alikuwa anapumua. Nilidanganya nyinyi, nikadanganya mama yangu, nikadanganya Cimpunda nzima. Yule mutoto iko muzima, na mama yake anamuogopa juu yangu."

Mwanaume mumoja nyuma yangu alitema mate chini. Mwingine akasema, "Yesu wangu, kuna watu!" Marcellin alinitazama.

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Juu hakuna anakujaka kwa mugonjwa. Wanangojaka kifo."

Nilingoja aite askari. Ni mama muzee mwenye kikapo, wa tatu mu mustari, ndiye aliyesema: "Eh weye wa miwani, musomee mutoto wa watu maneno yake, na sisi tuko na safari." Marcellin akapiga muhuri, polepole, akaweka karatasi juu ya zingine.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia, Cimpunda ni Cimpunda. Maman Emérence alikuwa mulangoni kwetu na redio yake ya mukono, mara ya kwanza tangu mwezi wa ine. Hakuniangalia. Aliingia, akaiweka ku kiti karibu na kitanda. Saa sita ikafika. "Maman Godelive, iko Bunyakiri. Kutoka kwa mutoto wako Nsimire, iko Cimpunda. Mama, leo iko ku kifua." Basi, wakapita kwa jina lingine. Emérence alimugeukia Clémence, yeye mwenyewe, akainamia kitanda.

"Ni huku juu, ao ni chini?"

"Chini," Clémence akasema. "Upande wa kushoto."

Tulingoja. Mvua ilinyesha siku mbili, na niliwaza Kahuzi, matope, na tonton Ignace. Siku ya tatu, alasiri, mama alisimama mulangoni. Peke yake, matope mpaka magotini, nywele zimeota fupi na nyeupe. Baadaye alituhadithia: alikuwa anatwanga sombe, muchi ukabaki juu mu mikono. Tonton akamuambia ni muzimu unamuita, asiende. Akamujibu: "Muzimu haina kifua." Akaacha sombe mu kinu.

Lakini pale mulangoni alisimama tu. Miguu haikuingia. Nikaanza mimi, kama kawaida yangu: "Mama, ingia, anakula kidogo, usiku ali..."

"Nyamaza weye."

Alimuangalia. Aliangalia kifua kile kinavyopanda na kushuka kwa shida.

"Clémence," akasema. "Leo iko wapi?"

Clémence alitaka kujibu, pumzi ikakataa. Akaonyesha kwa mukono: hapa, na hapa, na huku ku bega. Mama akavuka mulango. "Leteni maji ya moto," akasema, na Emérence akakimbia.

Siku tano mama hakutoka mu chumba kile. Waliongea. Walitetana pia, juu ya mambo ya zamani, na juu ya ile siku ya kiti na lungo, nilisikia mama akisema nisamehe na Clémence akisema ulinitisha kuliko nilivyokutisha. Wageni walikuja, na kila aliyeniuliza mimi "amelala?" mama alimukata: "Muulize mwenyewe, hana mudomo?" Na kila asubuhi, kitambaa mukononi: leo iko wapi? Goti. Mugongo. Kifua, mama, fasi yote.

Asubuhi ya sita mama aliuliza kama siku zote. Clémence alifunga macho, akaitafuta. Alikawia. Nilimuona akiitafuta mwili muzima, kutoka miguu.

"Leo haiko, mama," akasema. "Siioni."

Mama alikuwa ameshika kitambaa, mvuke bado unatoka. Hakusema vumilia. Hakusema utapona. Alikirudisha mu bakuli taratibu, akapanda ku kitanda, akamuweka kichwa ku mapaja, na mimi nikakaa upande wa miguu. Saa sita redio ya Emérence ikaanza kusoma majina kule upande wa pili wa ukuta. Komunike ya kwetu sikupeleka. Aliyepaswa kuisikia alikuwa pale, anamufunga mutoto wake macho.